Wanjiru na Sakafu ya Hoteli

Jumanne usiku

Na leo tena ile programu ya simu ya kufuatilia ukuaji wa mtoto imeniuliza kama binti yangu Wanjiru anatambaa. Nikabonyeza "Bado", kama kila asubuhi. Miezi kumi! Simu haina aibu.

Hoteli hii ya Salgaa niliianza na jiko moja la makaa, bila kusaidiwa na mtu, na sikuwahi kukosa usingizi. Hiyo "Bado" ndiyo iliyonikosesha. Nilishaanza kuwaza miguu yake ina shida.

Nesi wa kliniki aliipapasa akacheka. "Mathe, miguu iko sawa. Huyu mtoto hajui sakafu. Mnambeba sana."

Ni kweli. Sakafu yetu ni maji na mafuta, na madereva wa malori wanaingia na viatu vyao. Kwa hivyo anashinda mgongoni kwa Chebet, mpishi wangu, huku chapati zikisukumwa.

Basi leo wateja wa mchana walipoisha tukasugua kona moja, tukatandika blanketi. Nikapiga magoti, simu tayari kumrekodi. "Kuja kwa mama!" Akanitazama tu.

Chebet akamwita kutoka jikoni, "Wewe mdosi, bosi wangu mdogo, kuja tusukume chapati!"

Akatambaa! Akanipita mimi mamake, moja kwa moja mpaka kwa rinda la Chebet.

Iliniuma, sitadanganya. Halafu nikamwona Chebet analia, unga mashavuni.

Asante Mungu kwa miguu hiyo. Na kwa mgongo ule.

Programu ina nafasi ya mzazi wa pili. Tangu babake atuache nimeiacha wazi. Leo nimeandika Chebet.