Mguu Ulioshinda Kila Asubuhi

Oulu, 17 Februari 2019

Mdogo wangu Aulis,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Gunnel wako, na yule paka wenu mnene kama bado anakitawala kiti cha dirishani. Natumaini kifua chako kimepona, na kwamba huko Luleå mmepata theluji kavu, si hii yetu iliyolowa wiki nzima. Mimi sijambo, kwa kiasi ambacho utakipima mwenyewe ukisoma hadi chini. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu wewe husema "haya dada, haya," kisha unakata, na nililo nalo safari hii halienei ndani ya "haya dada". Jimiminie kahawa, ukae.

Nianze na habari ya miguu. Unajua kwamba kila asubuhi naendesha baiskeli kilomita saba hadi shuleni, jikoni kwangu, kiangazi na kipupwe. Mwezi wa Novemba nilinunua buti mpya zisizopitisha hata tone, na bado kila nilipofika na kuzivua, soksi zilikuwa zimelowa. Nje kumeganda, hakuna dimbwi hata moja njia nzima, buti nimezijaza maji kwenye sinki kuzijaribu na hazivuji. Basi maji yalitoka wapi? Swali hilo lilinikaa kichwani hata nikawa naunguza vitunguu.

Aliyenijibu ni Urpo, mtunza jengo la shule. Humjui, ni mzee wa miaka sitini na tatu mwenye ndevu kama brashi ya kusugulia sufuria, na ameendesha baiskeli kipupwe arobaini bila kukosa. Alizishika soksi zangu kwa vidole viwili, akazinusa bila aibu, akasema, "Mpishi, maji haya hayakutoka mbinguni wala barabarani. Ni ya kwako. Ni jasho." Akanieleza kwamba buti isiyoingiza maji haiyatoi pia, kwa hiyo mguu unatoa jasho, sufu inalinywa, na sufu ikilowa ndipo baridi inapata pa kushika. Dawa yake ilikuwa hii: soksi nyembamba kwanza, juu yake mfuko wa plastiki wa mkate, ndipo soksi ya sufu, na buti iwe kubwa kwa namba moja ili vidole vipate kucheza. Nikamwambia huo ni upuuzi, mfuko unakaa juu ya sufu ili kuikinga na tope la theluji, hata mtoto mchanga anajua. Akasema basi watoto wachanga wa Oulu wote wana miguu baridi.

Tulibishana mbele ya sinki la viazi hadi supu ya samaki ikataka kuchemka hadi sakafuni. Mwisho tukakubaliana tujaribu. Mguu wa kushoto ningeuvika kwa njia yake, wa kulia kwa njia yangu, na kila asubuhi nikifika ningeupa kila mguu alama kati ya sifuri na kumi, zikaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Wiki ya kwanza kushoto kulishinda siku zote tano. Urpo alipita jikoni akinipigia saluti kwa mwiko. Lakini ni mtu wa haki yule, na Ijumaa yeye mwenyewe ndiye aliyesema tubadilishe miguu, pengine tofauti iko kwenye mguu na si kwenye mfuko. Tukabadilisha. Wiki ya pili kushoto kulivikwa kwa njia yangu, na kushoto kukashinda tena, siku zote tano. Sasa nikawa mimi ndiye napiga saluti, ila furaha haikudumu, kwa sababu haiwezekani sote wawili tuwe tumeshinda.

Hapo udadisi ulinishika kama homa, Aulis. Nilidhani ni upepo wa mtoni, nikapita njia ya nyuma ya viwanda. Kushoto. Nilidhani nafunga kamba za kulia kwa kubana, nikazilegeza. Kushoto. Nilijaza magazeti, nikaweka soli za manyoya ya kondoo, nikashuka na kukokota baiskeli kilomita ya mwisho ili damu itembee. Kushoto tu. Asubuhi moja ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri niliuvika mguu wa kulia kila kitu nilichokuwa nacho, na wa kushoto nikaupa soksi moja ya pamba, ya kiangazi, isiyo na mfuko. Nilipofika, wa kulia ulikuwa ukiniwaka kama umepakwa pilipili kwa kuanza kupata joto. Wa kushoto ulikuwa umetulia tuli. Niliupa alama tisa.

"Mpishi," Urpo akasema, "una jiko ndani ya mguu huo. Uuze!" Tulicheka hadi machozi. Nilijivunia, kwa kweli. Nilimweleza kila mtu aliyekuja kuchukua sahani.

Jumatano ya tarehe tisa Januari nilikuwa nasafisha droo, nikakiona kile kipimajoto cha zamani cha kuchoma kwenye nyama, ambacho hatukitumii tena kwa sababu kifuniko chake kimepasuka. Nikajiuliza kwa nini muda wote huu naupima mguu kwa kuuliza mguu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika. Nikakaa juu ya gunia la karoti, nikaingiza ncha yake kati ya vidole vya kulia, ikasoma ishirini na mbili. Nikaiingiza kati ya vidole vya kushoto, juu ya soksi ya pamba ile ile. Ikasoma kumi na moja.

Nikasema kimeharibika. Nikakitia kwenye maji ya barafu, kikasoma sifuri. Nikakitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma mia. Nikarudi mguuni: kumi na moja. Nikamwita Urpo kwa kelele, nikimwambia aje aone, mguu wangu ni mwongo!

Yeye hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akaniomba nivue soksi. Ilikuwa imegandamana na ngozi, na alipoivuta taratibu niliona kwamba imekauka damu. Chini ya kidole cha mwisho kilichokuwa na rangi ya majivu, kipande cha kokoto, zile kokoto wanazomwaga njiani ili tusiteleze, kikubwa kama punje ya dengu, kilikuwa kimejichimbia nyamani. Nilimuuliza kitakuwa kimeingia lini. Akajibu kwamba hilo ndilo alilotaka kuniuliza mimi. Sikujua, Aulis. Pengine asubuhi ile, pengine wiki nzima.

"Tuovi," alisema. Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu tujuane. "Vaa koti."

Alinipeleka kituo cha afya kwa gari la kubebea vyakula. Huko nilikabidhiwa kwa muuguzi wa miguu, dada mmoja kijana aitwaye Maaret, mpole lakini hana maneno mengi. Alitoa kokoto, akasafisha, kisha akachukua uzi mgumu wa nailoni, kama unywele wa ufagio, akanielekeza nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nitakapohisi ananigusa. Alianza na mguu wa kulia. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, na hapo pananitekenya. Kisha akahamia kushoto, nami nikangoja. Nikangoja tena. Nikadhani anaandika. Mwisho nikamwambia kwa adabu kwamba niko tayari, anaweza kuanza.

"Nimeshamaliza, mama," akasema.

Nilimwomba arudie, safari hii macho nikiwa nimefumbua. Nilitaka kuona. Nikautazama ule uzi ukisukumwa kwenye unyayo wangu hadi unapinda, mahali baada ya mahali, na ilikuwa kama kumtazama mtu kupitia dirishani akibisha hodi nyumba ya jirani.

Damu yangu ilipimwa siku ile ile. Ni kisukari, na daktari anasema hakikuanza jana. Kimekaa miaka mingi kikila mishipa ya hisia kimyakimya, na kushoto kimetangulia. Kidole cha mwisho hakikuweza kuokolewa. Kilikatwa tarehe ishirini na nne. Usishtuke, jeraha linafunga vizuri, natembea, na Urpo anasema kuanzia sasa nitaokoa sufu. Niko likizo ya ugonjwa hadi Machi, baiskeli imening'inizwa stoo, na kila asubuhi naangalia nyayo zangu kwa kioo cha kunyolea alichoacha baba. Ukitaka kujua, tulirudi kwenye ule mlango wenye chaki tukasoma alama za mguu wa kulia peke yake, shahidi mwenye akili timamu. Njia ya Urpo ilishinda kwa mbali. Mfuko unakaa ndani ya sufu. Nimeshamwomba radhi.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa naogopa kufika tangu mstari wa kwanza.

Maaret alipokuwa akijaza fomu, aliuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyekuwa na sukari. Mdomo wangu ulikwisha kujiandaa kusema hapana, kama ulivyosema kila mahali kwa miaka thelathini na miwili. Nikasikia sauti yangu ikisema: mama.

Unaikumbuka Februari ile ya mashindano ya mbio za kuteleza kwenye barafu, wewe una miaka kumi na sita, ulipoondoka na basi la shule ukasahau viatu vyako vya kutelezea nyuma ya mlango. Gari la baba halikuwaka. Mama akavitia viatu kwenye kikapu cha baiskeli, akaja kilomita kumi na moja kwenye nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, amevaa zile buti za mpira za zizini. Ulimkuta kando ya uwanja, ukamwuliza kama miguu haijaganda. Akacheka, akakwambia, "Hata kidogo, mwanangu, sisikii baridi kabisa. Kimbia." Ukakimbia, ukashika nafasi ya tatu. Wiki tatu baadaye walimkata mguu chini ya goti.

Siku ya mazishi yake ulisimama mbele ya watu ukasema kwamba mama alikudanganya ili ukimbie kwa moyo mwepesi, na kwamba uongo ule ulimgharimu mguu, kisha maisha. Hujavaa viatu vile tena. Na mwaka haukwisha ukawa umeshahamia Luleå.

Aulis, daktari wa wakati ule alinivuta pembeni kwenye korido, mimi nikiwa na miaka ishirini, akaniambia kwamba mguu ule ulikuwa na kidonda tangu vuli, kwamba mama ana sukari na amejua kwa miaka miwili, na kwamba hisia zilishakufa kabla theluji haijaanguka. Baridi ya siku ile iliharakisha tu. Nilipoingia wodini mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akaniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa. Aliona haya. Yeye ndiye aliyeoka mikate ya iliki ya kanisa zima, yeye ndiye aliyewasema wenzake kwa ulafi. Nikaapa. Nilidhani ni kwa siku chache.

Lakini alipofariki, kiapo kile hakikuwa na wa kukidai tena, na bado nilinyamaza. Nimejaribu kujiambia ni heshima kwa marehemu. Si kweli. Wewe uliondoka, ukaniachia baba na ng'ombe kumi na moja, na mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma. Kila ulipokuja likizo ukalia begani kwangu kwa ajili ya viatu vile, moyo wangu ulisema: acha abebe, na mimi nabeba vyangu. Kwa neno moja ningeweza kuutua mzigo ule, badala yake nikamega mkate nikakupa, nikakaa kimya. Hilo ndilo kosa langu, na halina uhusiano wowote na ugonjwa.

Mama hakukudanganya. Ulimwuliza kama anasikia baridi, naye akakujibu kweli tupu. Najua, maana mimi mwenyewe nimekaa juu ya gunia la karoti na mguu unaokufa, nikaupa alama tisa, nikacheka.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kasirika kwa muda utakaohitaji. Ukitaka kuja kunifokea, njoo, chumba cha nyuma kina joto. Ila kuna jambo moja ambalo halitangoja hasira yako iishe, kwa sababu sisi ni watoto wa mama mmoja na wewe una miaka arobaini na minane. Nenda ukapimwe damu wiki hii. Na kabla ya kwenda, mpe Gunnel salamu zangu zote za upendo na umpe pia unywele mmoja wa ufagio. Vua soksi, ufumbe macho, mwache akuguse nyayo popote anapotaka. Pale usipohisi, usiseme "ndiyo" kwa kutaka kumfurahisha.

Nakutakia afya, na kifua chepesi, kwa maana zote mbili.

Dada yako,
Tuovi