Baiskeli ya Mama Thekla Haijakombolewa

Mama Thekla, shikamoo.

Sitasubiri uitikie. Nimekasirika, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mwenye hasira asingoje apoe ndipo aseme, kwa sababu akipoa ataanza kuwaonea huruma waliomkosea. Basi nakuandikia kabla sijapoa.

Tulikuzika vibaya. Najua wengine wamekwisha kukuambia kwenye sala zao kwamba mazishi yalifana. Yalifana kweli. Maturubai yalikuwa mapya, vipaza sauti havikukwaruza, magari yalipangwa kutoka kanisani mpaka barabara ya Mlimba. Watu ambao zamani wakikuona unakuja na baiskeli yako walikuwa wanaingia dukani kujifanya wanatafuta kiberiti, siku ile walikaa viti vya mbele na vitambaa mkononi.

Kamati ya mazishi ilikuwa yao. Mwanao Fabian aliwaachia kila kitu. Simlaumu sana, alikuwa amechoka kukuuguza, nao walimjia na jeneza, usafiri na chakula. Walimpa masharti mawili tu, kwa sauti ya upole. Bendera ya chama chetu isionekane, kwa sababu msiba hauna itikadi. Na watani wasiruhusiwe, kwa sababu kutakuwa na viongozi wageni.

Mpogoro azikwe bila watani. Nimesoma habari za tawala za kila aina, za hapa na za mbali, na sijakutana na hata moja iliyothubutu kuwakataza Wangoni wasije kumcheka Mpogoro kwenye msiba wake.

Halafu akasimama Deo kusoma wasifu wako.

Deo, Mama. Uliyemtoa stendi akipiga debe, ukamwambia kwamba sauti kama ile haifai kuitia abiria tu. Ulizunguka naye Namawala, Mbingu na Michenga. Watu walikiita chetu chama cha tatu, na wewe ukawa unawajibu kwamba ni haki yao: cha kwanza kina serikali, cha pili kina maandamano, cha tatu kina Thekla na baiskeli. Siku za karibuni ukaongeza Deo kwenye hesabu hiyo. Sisi tuliobaki hatukuona wivu. Tuliona afadhali.

Ukiwa umelazwa, aliita waandishi akatangaza kwamba ameamua kuunga mkono juhudi za chama cha kwanza. Niliisoma habari hiyo kwenye simu, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi yako. Nikaizima simu, nikaingia, nikakuuliza kama umekunywa uji.

Kumbe ulikuwa unajua. Nitalifikia hilo.

Deo alisoma wasifu akiwa amevaa shati la chama chake kipya, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kwa mujibu wa wasifu huo ulizaliwa, ukasoma, ukawa karani wa mizani kwenye mashamba ya miwa, ukastaafu, ukarudi Ifakara kujishughulisha na maendeleo ya jamii. Ukastaafu. Wewe uliyefukuzwa kwa sababu ulikuwa unawasomea wakata miwa uzito wa mizigo yao kwa sauti, Mhehe na Mnyakyusa, Mwislamu na Mkristo, kila mtu asikie chake na cha mwenzake. Chaguzi zote ulizogombea na kushindwa hazikutajwa. Mahabusu haikutajwa. Siku uliyosimama katikati ya wakulima wa mpunga na wafugaji wa Kisukuma pale Michenga, hawa wana mapanga na wale wana fimbo, haikutajwa, na Deo alikuwepo. Yeye ndiye aliyekushikia baiskeli.

Chama chako hakikutajwa hata kwa bahati mbaya. Akahitimisha kwamba ulikuwa mama wa wote. Mama, wewe hukuwahi kuwa mama wa wote. Ulikuwa na upande, na kila mtu bondeni aliujua.

Nilikuwa nimekaa nyuma, natafuna kucha, natunga kichwani makala ya kuwararua. Wewe ungenicheka. Ulizoea kuniambia, "Kalamu, wewe unapigana vizuri sana na watu ambao hawasomi magazeti."

Aliyekuokoa ni Mama Gama, Mngoni yule anayeuza perege sokoni, mtani wako wa miaka yote, ambaye ulikuwa unamwambia samaki wake wamekufa kwa uzee. Hakuna aliyemwalika. Alipita uani, akaitoa baiskeli yako stoo, akavaa kofia yako ya ukindu, na tulipoliinua jeneza tukamkuta amesimama kati ya maturubai na gari la maiti, ameshika usukani, shingo ameinyoosha vilevile kama wewe ukiwa unataka kuhutubia. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanawake waliokuwa jikoni. Mjumbe mmoja wa kamati akataka kumwondoa. Mzee aliyekuwa karibu akamshika mkono, akamwambia kwa unyenyekevu kabisa kwamba mtani haguswi.

Akaiga sauti yako. Sikutegemea sauti hiyo ingeniuma vile.

"Wananchi wa Ifakara," akasema, "kura mlininyima. Haya maua ni ya nini?"

Watu walicheka mpaka wakalia, au walilia mpaka wakacheka, sijui. Wageni wa viti vya mbele walitazamana. Kisha akamgeukia Deo, aliyekuwa amebeba jeneza upande wa mbele, hana pa kukimbilia.

"Deo mwanangu, hilo shati umeazima au ni lako?"

Na Deo, ambaye dakika chache kabla alikuwa anasoma kama redio, alijibu kwa sauti ndogo, "Ni la kazi, Mama."

Mama. Alimjibu Mama Gama kama anayekujibu wewe. Nadhani kwa sekunde ile alisahau ni nani aliye ndani ya jeneza begani kwake. Ingekuwa mtu mwingine ningemhurumia.

Kwa desturi, watani huridhishwa kwa sarafu na soda, wakaondoka njiani. Mama Gama alituachia njia tupite, lakini baiskeli akaondoka nayo. Mtani akichukua kitu cha marehemu, ni mateka wake mpaka kikombolewe. Fabian alimpelekea pesa, akazikataa. Akampelekea jogoo, jogoo akampokea, baiskeli hakuitoa. Nilipokwenda mimi aliniambia bei yake. Anataka Deo aje mwenyewe, aseme mbele ya watu alichokuahidi wodini.

Mimi sikujua kwamba Deo alifika wodini. Ilibidi nimwulize binti yako Skola, aliyekuwa anakulisha siku zile. Akaniambia yote, kama alivyokwisha kumwambia Mama Gama. Kwamba Deo alikuja kabla ya kuwaita waandishi, akapiga magoti kwenye sakafu, akalia, akasema ana watoto, amechoka kuwa chama cha tatu. Kwamba hukumtukana. Kwamba ulimwambia, "Nenda, lakini Michenga usiiguse." Akaapa kwa roho ya mama yake.

Hapa nina ugomvi na wewe, na kifo hakitakuepusha nao. Ulimruhusu bila kutuuliza. Tuliobaki tulimtukana huku na huko, tukijidanganya kwamba tunakulinda usisikie, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unatuficha. Ulimsamehe peke yako jambo lililokuwa letu sote. Kwa nini hukuniambia? Kila siku nilikuwa pale kwenye benchi. Au uliogopa nitaandika makala?

Pengine ningeandika.

Sasa sikiliza habari ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Matanga hayajaondolewa, na vigingi vimekwisha kusimikwa Michenga. Vinapita katikati ya majaruba ya mpunga, vinafunga yale mapito ya ng'ombe mliyokubaliana wewe na Wasukuma, vinakwenda mpaka mtoni. Kuna mwekezaji. Wakulima wameambiwa kwamba eneo linachukuliwa ili kuwaondoa wafugaji. Wafugaji wameambiwa kwamba wakulima ndio walioomba. Mzee Masunga, yule mfugaji uliyemwachia nusu ya chai yako siku ile ya mapanga, alikuja mpaka kwangu kuuliza kama ni kweli. "Mayu Tekla angekuwepo nisingeuliza," aliniambia, akikuita mama kwa Kisukuma chake. Nilimjibu kwamba si kweli, naye akaondoka bila kuniambia kama ameniamini. Mimi nimezoea kuaminiwa na wasomaji. Sikujua namna ya kuaminiwa na mtu aliyesimama mlangoni.

Jumamosi kuna mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha mwekezaji apewe eneo hilo. Atakayeleta hoja na kuwashawishi wananchi, kwa kuwa wanamjua na walimzoea akiwa na wewe, ni Deo.

Kuhama chama ningeweza kumwelewa, kama ulivyomwelewa wewe. Watu huhama. Lakini kupiga magoti na kumwapia mtu anayekufa, kisha kuichukua njia mliyoipita naye na kuitumia kuwafikia walewale mliowatetea, hilo nakosa neno la kuliita, mimi ambaye watu husema nina maneno mengi.

Basi nisikie ahadi yangu. Makala sijaandika. Jumamosi nakwenda Michenga na Mama Gama, na baiskeli tutaiweka mbele ya meza kuu. Matanga hayajaondolewa, kwa hiyo bado yeye ni mtani mwenye mateka, na hakuna mwenyekiti wa kijiji bondeni humu atakayethubutu kumnyamazisha. Ataidai fidia yake mbele ya mkutano. Deo akisema alichokuapia, ataichukua baiskeli na hoja itakufa mikononi mwake. Akinyamaza nitasimama mimi niseme, kwa mdomo wangu, mbele ya Mzee Masunga na wenye majaruba, watu ambao hawasomi magazeti. Skola amekubali kuja. Atasema alichosikia.

Naogopa, Mama. Sijawahi kuhutubia watu wanaoweza kunizomea papo hapo.

Sikuombei upumzike kwa amani, itakuchosha. Kaa macho mpaka Jumamosi. Mama Gama anasema magoti yake hayamruhusu kupanda baiskeli, na mimi, kama ulivyokuwa ukiwaambia watu wote sokoni, ndiye msomi pekee wa Ifakara asiyejua kuiendesha. Nitaisukuma kwa miguu mpaka Michenga.

Wako,
Kalamu