Kindi Aliyekufa Nyuma ya Kabati

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku mlimani, ambako mvua haijui kukatika na nguo twazikausha kwa moshi wa jiko. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na mama anakula vizuri. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Juzi ulinipigia simu kuniomba radhi kwa niaba ya mkeo. Ulisema amenitia aibu kwa wakubwa wangu waliompa kazi kwa ajili yangu, na kwamba Jumapili utamleta mwenyewe aniombe msamaha. Nikakujibu yamekwisha. Simu ilipokatika nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu.

Yule kindi unamjua kwa kusikia tu. Wafyeka njia walimwokota kwenye mti ulioanguka huko juu msituni, mdogo kama kidole gumba changu. Mtafiti wetu hapa kituoni alisema tangu aanze kazi hajapata kumshika wa aina ile akiwa hai. Nikapewa nimlee: maziwa kitone kwa kitone, chupa ya maji moto chini ya kitambaa. Wifi, akiingia kufagia, alimwamkia, "Bwana Mkubwa, umelalaje?" Tukacheka hadi machozi.

Asubuhi moja kizimba kikakutwa wazi. Wifi ndiye aliyemwona nyuma ya kabati, amekufa kwa baridi. Mkuu wa kituo alipouliza nani kafungua, macho yote yakamwendea mwenye ufagio. Akaapa hajagusa komeo, kisha akanigeukia: "Wifi, si unanijua?" Nikatazama sakafu. Akafukuzwa papo hapo.

Kaka, ni mimi. Jioni iliyotangulia walikuja wageni, nami kwa kutaka sifa nikamtoa kindi nipigwe naye picha kiganjani. Nilimrudisha mbiombio, sikubana komeo. Nililijua hilo wifi alipokuwa akiniangalia.

Leo nimemweleza mkuu. Hakufoka, alinyoosha mkono tu nimpe funguo. Sasa nafungasha.

Jumapili usimlete, nakuja mwenyewe. Msomee barua hii yote, usiruke neno. Akikataa kunifungulia mlango, usimlazimishe, nitakaa nje.

Msalimie mama, watoto wabusu. Wifi sina uso wa kumtumia salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba