Sindano Moja Iko Kwako

Mujukuu wangu Nabintu,

Umekuwa muzungu sasa? Boti inatoka Goma kila asubuhi. Watu wanapanda na kuku zao, na magodoro, na watoto wanaotapika, na wanafika Bukavu wazima. Wewe tu ndiyo maji inakuogopesha. Mvua imekuja, imeenda, imekuja tena, na wewe ni telefone, telefone. "Koko, uko muzima?" Niko muzima. Unataka siku moja uulize hivyo na mutu mwingine akujibu?

Haya. Nimekugombeza, nimemaliza. Sasa kaa, sikiliza.

Maneno ni yangu. Mukono ni wa Maman Riziki, jirani, yule anayefundisha masomo ya msingi, maana mimi unajua sikukanyaga darasa hata siku moja. Nimemukataza asinipambie. Alianza na "Ninakuandikia kwa heshima na taadhima." Nikamwambia, "Maman Riziki, huyu nilimuosha matako. Heshima gani?" Akacheka mpaka kalamu ikaanguka, tukaanza upya.

Ni yeye alinisikilizisha sauti yako. Ile radio ya kwenu ilikuita uongee juu ya sweta unazofuma, na mutu akaziweka hizo maneno mu telefone, zikatembea mpaka hapa Cimpunda. Nilifurahi. Nilimwambia arudishe mwanzo, arudishe tena. Halafu yule kijana wa radio akakuuliza unatoa wapi mawazo ya kazi yako, akatia na neno ya Kifaransa, inspirasyo. Ukajibu kwa sauti ya kanisani: "Katika ziwa letu na milima yetu."

Nabintu. Ziwa gani?

Ile sweta ya kijani, yenye shingoni inang'aa na chini inakuwa nzito karibu nyeusi, mimi ninajua kwenye ilitoka. Ilitoka mu kinu. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, wewe ukasimama mbele yangu: "Koko, ngoja, usitwange kwanza, rangi iko inabadilika." Nikakuambia njaa haingojei rangi. Ukachota jani bichi, ukachota sombe ya katikati, ukachota na yenye imetwangwa yote, ukaziweka juu ya kifuniko cha sufuria, ukashuka nacho mpaka soko ya Kadutu, unakilinganisha na sweta kuukuu za balo, zile za mitumba. Watu walisema mujukuu wangu amerukwa na akili. Nikawajibu, amerukwa, ndiyo, lakini rangi anaijua. Wakikuuliza tena, sema sombe. Ziwa haikukupa kitu, inakuzuia tu kuja.

Na ile ya mafundo, je? Watakuuliza, utasema ni nyota za mbinguni. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimekufundisha: kabla ya kununua sweta kuukuu ya kufumua, igeuze ndani, angalia ubavuni. Ukikuta ukingo umefumwa mpaka mwisho, uzi utatoka murefu kutoka chini mpaka mabegani. Ukikuta imekatwa na mukasi na kushonwa na mashine, iache, uzi utatoka vipande-vipande. Ulijua hayo vizuri. Lakini uliona ile nyekundu, na mbele ya nyekundu wewe unakuwa kama mbuzi mbele ya mahindi ya mutu. Tulikaa kizingitini, tunavuta, inakatika, tunavuta, inakatika. Ukalia. "Koko, nimeharibu." Nikakuambia, "Haujaharibu, umejipatia kazi tu. Funga." Ukafunga kipande na kipande, ukafunga mpaka kucha zikauma. Na kwa kiburi chako ukakataa kuficha mafundo ndani, ukayaleta yote nje, yamesimama kama maharagwe. Leo wamama wa maofisi wanavaa hayo mafundo na kusema ni mode, mutindo mupya.

Lakini yenye ninapenda kupita zote haiko ya wamama. Ni ile ya muzee Cirhuza, sentinele wa kule Nyalukemba. Alikuwa anakaa getini usiku na karadio kake mu mukono, mukono unakufa baridi, na karadio hataki kukaacha. Ukamufumia sweta yenye mufuko ndani, hapa kifuani, ili kaimbe pale na mikono ikae mifukoni. Alipoivaa alisema, "Sasa moyo wangu inatoa habari." Mpaka leo akipita hapa ananiuliza juu yako. Hiyo ndiyo kazi yako, mama. Unaona mutu anasikia baridi mahali fulani, unafuma pale.

Kwa hiyo nilisikiliza mpaka mwisho. Yule kijana akakuuliza, "Na nguo za watoto wachanga?" Ukacheka kidogo. Ukasema, "Hizo sifumi." Akapita kwa swali ingine. Maman Riziki hakusikia kitu pale. Mimi nilisikia.

Kwetu sweta ya kwanza ya mutoto inafumwa na watu wawili. Mama yake anafuma mukono mumoja, na mukono mwingine anaufuma mubibi wa nyumba. Yako tuliifuma hivyo, mimi na marehemu mama yako. Mimi ninakaza uzi, yeye alikuwa analegeza, kwa hiyo mikono haikulingana, na hatulinganishagi. Ulipoanza kusema uliuliza kwa nini upande mumoja unabana. Mama yako akakujibu, "Huo ni wa Koko, yeye anabana kila kitu." Mutoto anavaa hivyo ili ajue iko na watu wawili.

Ya mutoto wako wa tumboni tuliianza pamoja, na zile sindano mbili babu yako alizitengeneza kwa spoki za baiskeli yake, ile aliyobebea ndizi, akazinoa juu ya jiwe mpaka zikateleza kama samaki. Kifua tulimaliza. Mukono wangu nilimaliza. Wako ulikuwa umefika kwenye kiwiko, tukaenda hospitali.

Mutoto hakulia.

Wakakuletea maneno. "Utazaa mwingine." "Mungu ndiye anajua." "Uko bado kijana." Niliwafukuza mu chumba, unakumbuka, hata yule shemeji yako mwenye kuomba kwa sauti kubwa. Nikakukandia mugongo. Ukaniambia jina yake mu sikio, mara moja. Na siku ya kurudi Goma ulikaa kitandani pangu umeshika ule mukono nusu, haufumi, umeushika tu. Boti ikakaribia kuondoka. Ukasukuma vitanzi vyote vya ule mukono mu sindano moja, ile ingine ukaichomeka mu nywele kama unavyozoea, ukaenda nayo. Nilikuona unashuka mulima nayo kichwani. Sikukuita.

Tangu siku hiyo sweta iko mu sanduku langu, mu kitambaa, na vitanzi vyako vyote vinangoja juu ya sindano moja. Mutoto wa jirani alizaliwa, wakaja: "Koko, tupe ile, inakaa bure." Nikawaambia iko na mwenyewe. Nikawafumia kofia. Mutu mwingine akaniletea sindano za duka, za plastike, nimalize. Ni nene. Ningemaliza na hizo, na mukono ule haungekuwa wako wala wangu.

Sikiliza sasa, maana hapa Maman Riziki anataka kulia na mimi sina muda. Vidole vyangu asubuhi vinaamka nyuma yangu. Ninaviloweka mu maji ya moto ndipo vinakubali kushika kikombe. Ile kofia ya jirani ilinichukua muda ambao zamani nilifuma sweta ya mutu muzima. Siku itakuja sitashika uzi, na sitaki siku hiyo ikute ule mukono uko bado nusu.

Sikuamuru uumalize. Ukitaka kuumaliza, nitakaa pembeni yako. Ukitaka tufumue, wewe utavuta na mimi nitaviringisha, tutaosha uzi, tutautundika na jiwe mpaka unyooke, na hatutamwambia mutu. Yote ni sawa kwangu. Lakini hautafanya peke yako, na mimi pia sitafanya peke yangu.

Na jina yake siisahau. Kila asubuhi nikifungua mulango wa jikoni ninaisema: Mugisho. Watu wanafikiri ninasali. Waache wafikiri.

Ubaki salama, mama, mpaka miguu yako ikulete. Ukija, usiniletee keki wala kitenge. Panda boti ya asubuhi, panda mulima pole-pole, pita nyuma, kwa jikoni, nitakuwa natwanga. Na ile sindano usiifunge mu mukoba. Ivae mu nywele, nikuone nayo ukiwa bado chini.

Ni mimi Koko wako, mwenye kubana kila kitu.