Misalaba ya Korongoni

Gunnison, Colorado, Oktoba 1882

Dada yangu Lavinia,

Mimi ni mzima, ila baridi imeanza kung'ata. Juzi nyumbu anayebeba vioo vyangu vya picha alitafuna kofia yangu, kambi nzima ikaangua kicheko.

Kampuni ya reli iliniagiza nipige picha ya daraja jipya la korongoni, ibandikwe kwenye stesheni za mashariki ili kuvutia wasafiri. Nilipokwisha kutega kamera ielekee daraja pamoja na misalaba ya vibarua waliofia kazini, msimamizi, Bwana Haskell, alinishika bega.

"Sogea kushoto, bwana. Nani atakata tiketi aje kutazama makaburi?"

"Hao ndio waliokujengea daraja."

"Na mshahara wao walikula. Sogea!"

Sikusogea. Nilipiga picha pamoja na misalaba yote, naye akanifukuza kazi palepale.

Picha hiyo nakutumia wewe. Lavinia, keti kwanza. Msalaba ulio karibu na mto ni wa Jubal wetu. Mwamba ulimwangukia mwezi wa Agosti, nami nilifika ameshazikwa. Usimsomee Mama barua hii. Mshike mkono, kisha umwonyeshe mahali alipolala mwanawe. Ni mahali pazuri.

Kaka yako akupendaye,
Asahel