Kiti cha Nyuma cha Pikipiki Yetu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo, na hawajambo watu wa nyumbani mwako? Goti lako bado linatabiri mvua, au limeacha kazi hiyo? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo iliyoinama, na sababu utaiona mbele.

Ile pikipiki ya safari tuliyokuahidi kuja nayo ipo uani. Ni kongwe, kubwa kama kitanda, ina kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili pembeni. Aliyetuuzia, dereva mstaafu wa garimoshi, aliisifu mpaka nikamwambia kizuri chajiuza. Akanijibu, "Basi nanyamaza, lakini na wewe acha kuipapasa."

Wenzangu gazetini walinicheka. Wameaminishwa kwamba kitu kikizeeka ni takataka, na hao hao kila mwaka wananunua simu mpya wasiyojua hata inafunguliwaje. Niliwaandikia makala kali. Chuma kilichotunzwa hakina cha kuionea haya plastiki mpya. Kwa hilo sirudi nyuma.

Tuliinunua kwa ajili ya watu wawili. Fundi wetu, tunayemwita Mjomba Moshi, alitupandisha wote juu yake, akakaza springi za nyuma kufuata uzito wetu. Shemeji yako alipakia sanduku lake zawadi za wanao. Mimi langu nilijaza vitabu. Alivitoa nusu, akasema hatuhamishi maktaba.

Kisha mgongo ukamlaza. Daktari alituonyesha picha: pingili zimeanza kulika, na mtikisiko wa barabara ndefu unaweza kumkosesha miguu. Nilibishana naye, unanijua. Nikataja niliyoyasoma, nikataja wataalamu wengine. Shemeji yako akanivuta shati. "Baba watoto, umeshabishana na nusu ya dunia. Mgongo huu hausomi gazeti."

Tangu hapo, alasiri, naisimamisha kwenye stendi, yeye anakanyaga kigoda, anapanda taratibu na kukaa nyuma yangu. Injini siwashi. Yeye ndiye anayetaja njia: sasa daraja, sasa mlima, punguza mwendo mzee, kuna mbuzi. Majirani wanachungulia juu ya ukuta. Waache wachungulie.

Nikiizungusha mtaani peke yangu ili betri isife, ilikuwa ikinirusha kama punda mkaidi, maana nyuma ilikuwa ngumu kwa mtu mmoja. Mjomba Moshi alitaka kuilegeza, nikamkataza. Juzi nikatoka nayo, ikateleza kwenye kona kama maji. Nikaenda moja kwa moja kwake.

Alifuta mikono, hakunitazama. "Mama aliniita ulipokuwa kazini. Alisema niipange kwa mtu mmoja."

"Bila kuniuliza?"

"Alisema ukiulizwa utahutubia."

Nilirudi na hotuba mdomoni. Nikamkuta shemeji yako kwenye kigoda chake, pembeni ya pikipiki. Sanduku lake lilikuwa wazi. Zawadi amezisogeza chini, na juu amepanga vile vitabu alivyovitoa, vyote. "Nenda kamwone ndugu yako," akasema, "kabla na nyinyi hamjaanza kupigwa picha za mifupa." Nikafunga sanduku.

Basi nitakuja mvua zikikatika, peke yangu. Pikipiki inakwenda vizuri sasa, na hilo ndilo linaloniuma. Ukiisikia ikinguruma mlangoni, toka unipokee, ila nakuomba usianze kutazama kiti cha nyuma.

Nisalimie mkeo, na mapacha, na mama mkwe wako Kipenga ambaye sauti yake naisikia mpaka huku. Shemeji yako anawakumbuka nyote. Mungu awape afya, na migongo iwabebe mnakotaka kwenda.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapogomba.