Kioo Kizuri Nilikirudisha Mwenyewe

Barabara ya Hodder,
Thunder Bay, Ontario.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa shemeji Lempi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi yako ya zamani. Hujambo? Goti lako limetulia? Na mumeo Oiva, kifua chake kinasemaje tangu mhamie huko kwenye jua? Mimi ni mzima, nakula, nalala kidogo. Dada yako Sylvi si mzima, wala sitakudanganya.

Barua hii anakuletea Kerttu, jirani yetu, ambaye kesho anapanda ndege kuja huko kama afanyavyo kila majira ya baridi. Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua: ukipiga chafya chumbani, aliye jikoni anakuombea afya. Sylvi angesikia kila neno, na yapo maneno sijapata ujasiri wa kumwambia.

Unajua kwamba kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nampeleka hospitali kusafishwa damu. Anakaa na mashine muda wa saa nne nzima. Mkono wa kushoto una sindano mbili na hauruhusiwi kutikisika, kwa hiyo anabaki na mmoja. Kitabu cha karatasi hakifunuliki kwa mkono mmoja, na simu kwa mwanga wake inamtoa machozi. Kilichomfaa ni kile kifaa cha kusomea vitabu, chepesi, kioo chake kinatulia kama karatasi, na herufi unazikuza utakavyo. Sukari imeshamla macho nusu. Anachohitaji sasa ni weusi, Lempi. Herufi nyeusi kweli juu ya ukurasa mweupe kweli. Ikiwa kijivu juu ya kijivu, kwake huo ni ukurasa mtupu.

Vitabu vya kusikiliza nilimletea, akanirudishia siku hiyo hiyo. "Arvo, mie sijafa bado," akasema. "Anayelala chali akisomewa ni maiti."

Kile cha zamani, alichonunua pamoja na chako Krismasi ile, nilikikanyaga mimi kwa buti kando ya kitanda mwezi wa Septemba. Nikaagiza kipya cha jina lile lile. Kilipofika, herufi zake zilikuwa kama za penseli iliyofutwa kwa mkate, kama tulivyokuwa tukifuta shuleni. Nikarudisha. Kikaja kingine, cha afadhali kidogo, lakini upande wa chini kina wingu la manjano. Nikarudisha. Cha tatu hivyo hivyo.

Watu wanaopenda vifaa hivi wana desturi yao. Wanaagiza viwili au vitatu kwa mpigo, wanavilaza mezani karibu na dirisha, ukurasa mmoja, herufi za ukubwa mmoja, wanachagua kilicho cheusi kuliko vyote na vingine wanavirudisha. Wanasema ni bahati nasibu: kiwanda kimoja, sanduku moja, na bado hupati viwili vinavyofanana. Hilo halikunishangaza. Nilipima weupe wa karatasi kiwandani kwetu kwa miaka thelathini na moja, na karatasi ya asubuhi haikuwahi kuwa ndugu na ya jioni. Tofauti ni kwamba sisi mbaya hatukuiruhusu itoke mlangoni.

Basi mwezi uliopita nikaagiza vitatu. Dada yako alivishika kimoja kimoja. Kwa cha pili akapiga kelele, "Hiki! Arvo, hiki usikiguse!" Akasoma ukurasa mzima kwa sauti, kahawa yake ikapoa, na mimi nikaenda kusimama sebuleni ili asinione nalia.

Sasa sikiliza ujinga wa mumewe. Wazoefu wanashauri ubandike kipande cha utepe mgongoni mwa kila kimoja kabla ya kulinganisha, utepe wenye namba, basi. Mimi nilicheka. Mimi, niliyekuwa nikisimamisha mashine nzima kwa kutupa jicho tu, nibandike utepe? Nikavifuta vyote alama za vidole, maana duka halipokei kilichochafuka, nikavizima. Kahawa ikachemka ikamwagika jikoni, nikaenda kuipangusa. Niliporudi, vyote vikiwa vimezimwa, nilichagua kwa jicho. Viwili nikavifunga, nikavipeleka posta.

Jumamosi iliyofuata, akiwa ameshachomwa sindano, alikiwasha kile kilichobaki. Akakisogeza karibu, akakisogeza mbali.

"Arvo, waambie wawashe taa."

"Zimewashwa zote, mama."

Akakilaza mapajani. "Basi yamekwisha," akasema. "Macho yamekwisha."

Nilikitazama kile kioo nikajua papo hapo. Kilikuwa kijivu. Kizuri kilikuwa njiani kinarudi dukani, na mimi ndiye niliyekibandika stempu. Na unajua nilimwambia nini dada yako? Nilimwambia labda amechoka. Wiki tatu sasa namwachia aamini kwamba ni macho yake, kwa sababu naona haya kusema ni yangu.

Nilijaribu kuagiza tena kimya kimya. Duka likajibu kwamba nimerudisha mara nyingi mno na halitaniuzia tena. Nimewaandikia mara nne. Nimewabembeleza kama mtoto, mimi Arvo Kivelä, ambaye hata msimamizi wa kiwanda sikuwahi kumwomba ruhusa mara mbili. Hakuna aliyejibu.

Alhamisi tulipofika nyumbani, kabla sijazima gari, akaniambia bila hata kunigeukia, "Jumanne usiwashe gari."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Kutazama dari kutwa, mara tatu kwa wiki, na mashine inalia sikioni. Nilikuwa navumilia kwa sababu nilikuwa sipo pale, nilikuwa ndani ya kitabu. Sasa nipo. Siwezi kuwa pale."

Jana alikwenda kwa ajili ya kuwaaga manesi tu. Aliwaokea mkate wa iliki. Mmoja wao alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba mtu akiacha mashine, anaishi siku kumi, pengine wiki mbili. Nimezihesabu kwenye kalenda, shemeji, na nimeogopa kama sijawahi kuogopa.

Kwa hiyo nakuomba. Agiza wewe, kwa jina lako, vitatu au hata vinne. Bandika utepe kwanza, tafadhali. Ukipata kilicho cheusi kabisa, kitume kwa njia ya haraka kuliko zote, gharama niachie.

Na kabla hujakubali, pokea na hili. Krismasi ile, mlipokuwa mnafunga zawadi, nilivilinganisha vile vyenu viwili nikampa mke wangu kilicho bora. Wewe uliponilalamikia kwamba chako kinasomeka kama kwenye moshi, nilikwambia usafishe miwani. Miwani yako haikuwa na kosa. Nisamehe, na ukishindwa kunisamehe, agiza kwanza, unitukane baadaye.

Shemeji, nilikuwa nimeiweka kalamu chini hapo. Nilipoyasoma niliyoandika, nikaona ninamwambia kila mtu isipokuwa mwenyewe. Nikaenda jikoni. Nilimkuta anamenya viazi kwa kupapasa.

"Sylvi, macho yako hayajaisha. Kile kizuri nilikirudisha mimi."

Akaweka kisu chini. "Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile! Nimelilia macho yangu wiki tatu, na wewe umekaa kiti cha pembeni yangu unanipa kitambaa?"

"Ndiyo."

"Mwanaume wewe!" Akanirushia kiazi. Kilinipiga kifuani barabara. Kwa mtu aliyekwisha kuyazika macho yake, alilenga vizuri. Kisha akakaa kitini akalia, na safari hii kitambaa sikuthubutu kumpa. Nilimwuliza habari ya Jumanne. Aliuliza tu kama barua yako bado ina nafasi, na iko wapi kalamu ile nene nyeusi.

Basi nimalize, nimpishe. Nisalimie Oiva sana, na Marita na mumewe, na yule mjukuu wenu Eero ambaye bado hatujamwona. Kerttu atatua kesho jioni. Mpe kahawa, safari inamchosha. Mungu awalinde huko mliko, na atutazame na sisi huku.

Ni mimi shemeji yako, mkaidi lakini mwenye kuwapenda,
Arvo

*Lempi, mdogo wangu, ni mimi. Mistari siioni, nikiandika juu ya maneno ya mzee huyu nisamehe. Usimkasirikie, kazi hiyo niachie mimi. Jumanne nitakwenda. Ni hiyo moja tu, ya Alhamisi sijaahidi mtu. Nipigie. Sylvi.*